Nusu jioni, nusu asubuhi: kwa nini goti la mwanangu halitulii hata baada ya dawa?

Mshauri, salaam.

Mwanangu wa kiume ana miaka 6 na kilo 20. Ana hemofilia A kali, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Fakta 8 yake, protini ya kugandisha damu, iko chini ya asilimia 1. Kliniki ilinifundisha kumchoma dawa ya fakta hiyo nyumbani, na kwenye kadi yake wameandika yuniti 500 kila kiungo kinapovuja damu kwa ndani, kisha nipige simu.

Goti la kulia limevuja mara tatu ndani ya miezi minne. Safari hii ni siku ya nne na bado limevimba, ingawa dawa nimempa. Niseme wazi ninavyofanya. Kwa kuwa dawa ni ya kuhesabu, husubiri kwanza nione kama uvimbe utakuja kweli, maana mara nyingine anachechemea kwa utundu tu. Goti likijaa, nachanganya kichupa cha yuniti 500, nampa nusu jioni, na nusu inayobaki naiacha ndani ya bomba la sindano kwenye friji nimpe asubuhi. Unga hauyeyuki upesi, kwa hiyo nautikisa kwa nguvu. Hubaki povu jingi juu. Mishipa yake ni myembamba. Mara ya mwisho mkono ulivimba pale nilipochoma, akalia kuwa panawaka, nikaendelea kidogo kidogo mpaka dawa ikaisha.

Bibi yake anasema tumkande kwa maji moto na kumchua. Jirani anayeuza dawa alinipa ibuprofeni ya maji, nimempa mara mbili. Je, mwili wa mtoto umeikataa dawa ya fakta? Niongeze dozi? Na shuleni wanataka akae darasani wenzake wakicheza. Wako sahihi?

Mama M.

*

Mama M., pole, na pole zaidi kwa kijana.

Kabla ya jambo lolote: goti lililovimba hadi siku ya nne baada ya dawa ni la kupigia simu leo hii, si la kungojea miadi. Waambie kliniki kilo zake, saa ulizompa dawa, yuniti ulizompa kila mara, na kwamba dozi moja ilimwagikia nje ya mshipa. Ibuprofeni iache sasa hivi. Ukishamaliza hayo mawili, rudi tuendelee.

Unauliza kama mwili umeikataa dawa. Inawezekana, na kuna kipimo chake, nitakifikia. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, goti hili halijapata hata mara moja dozi kamili kwa wakati wake. Dawa iliyochelewa, ikagawanywa, ikatikiswa mpaka povu, kisha sehemu yake ikaishia chini ya ngozi, huwezi kuihukumu kuwa imeshindwa. Haijapewa nafasi ya kufanya kazi.

Twende kwenye hesabu kwanza, maana ndiyo inayofungua mengine. Kila yuniti 1 ya fakta 8 kwa kila kilo ya mwili huinua kiwango cha fakta kwenye damu kwa takribani asilimia 2. Yuniti 500 kwa kilo 20 ni yuniti 25 kwa kilo, kwa hiyo kiwango chake kinapanda hadi karibu asilimia 50. Kwa kiungo kinachovuja, lengo la kawaida ni asilimia 40 hadi 60, na kliniki yako imelenga katikati kabisa. Baada ya hapo dawa huanza kushuka: fakta 8 ya kawaida hupungua kwa nusu kila saa 8 hadi 12, na kwa watoto wadogo mara nyingi hushuka haraka zaidi. Sasa weka nusu dozi kwenye hesabu hiyo hiyo. Yuniti 250 zinampandisha hadi 25. Akiamka asubuhi amebaki na 12 au chini ya hapo, na ndipo unapomwongezea nusu ambayo imelala usiku kucha ikiwa imeshachanganywa.

Wasomaji wenye watoto wa hemofilia B, wanaokosa fakta 9, wasiinakili hesabu hii. Fakta 9 huinua takribani asilimia 1 tu kwa kila yuniti kwa kilo, na baadhi ya aina zinazotengenezwa maabara huinua pungufu ya hapo, ila hudumu zaidi: saa 18 hadi 24 kabla ya kupungua nusu. Zipo pia aina za fakta zilizotengenezwa zikae mwilini muda mrefu, nazo zina ratiba zao. Jina lililo kwenye kichupa ndilo linaloamua.

Sitakutisha kuhusu nusu dozi yenyewe. Mahali ambapo dawa ni haba, zipo kliniki zinazotibu kiungo kwa kiwango cha chini kuliko hicho, kwa mpango na kwa kumfuatilia mtoto. Kinachonisumbua ni nusu ya pili. Ndani ya kichupa hakuna kihifadhi. Unga ukishaguswa na maji, nguvu ya dawa inaanza kupungua, na kijidudu chochote kilichoingia kina usiku mzima wa kuzaliana kwenye kitu utakachokipeleka moja kwa moja kwenye damu ya mtoto. Vijikaratasi vingi vya fakta 8 vinataka dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa 3, na vinakataza kuirudisha kwenye friji. Soma cha kwako, muda wake ndio sheria. Kama kliniki itakubaliana nawe kutumia dozi ndogo mara mbili, omba vichupa viwili vya yuniti 250 badala ya kimoja cha 500. Yuniti ni zile zile, ila kila kimoja kinafunguliwa saa yake. Na mkikubaliana dozi moja kamili, kichupa kilichofunguliwa kinaisha chote mara hiyo hiyo. Hata hesabu ikitoa 460 na kichupa ni cha 500, mtoto anapewa 500 yote. Ziada hiyo haimdhuru, na kuimwaga ni hasara tupu.

Sasa kuhusu kusubiri uvimbe. Hili, kwa maoni yangu, ndilo linalomharibia goti kuliko mengine yote. Uvimbe si dalili ya kwanza ya kuvuja, ni ya kuchelewa. Kabla yake mtoto husema goti linamwasha kwa ndani, au linachezacheza, au limekaza. Analiweka limekunjwa kidogo kwa sababu mkao huo una nafasi zaidi. Ukiligusa kwa mgongo wa kiganja lina joto kuliko la upande wa pili. Kila asubuhi mlaze chali unyooshe miguu yote miwili: goti lisilonyooka sawa na mwenzake, na jana lilinyooka, tayari lina jambo. Lengo ni dawa iingie ndani ya saa 2 tangu dalili ya kwanza. Damu ikishajaa kwenye kiungo, dawa inazuia isiongezeke tu, haiwezi kuinyonya iliyomo. Hiyo iliyomo ina madini ya chuma yanayochokoza utando wa ndani wa kiungo. Utando unanenepa, unaota mishipa mipya laini, na mishipa hiyo huvuja kwa urahisi kuliko ya mwanzo. Ndiyo maana ni goti lile lile kila mara. Kiungo kilichovuja chenyewe mara tatu au zaidi ndani ya miezi 6 madaktari hukihesabu kuwa kiungo lengwa, na goti la kijana wako limefika hapo, kama mivujo hiyo haikutokana na kuanguka.

Unaogopa kupoteza dawa kwa kuchechemea kwa utundu. Ninaielewa hofu hiyo, lakini ipige hesabu. Kuvuja kulikopatiwa dawa mapema mara nyingi huisha kwa dozi moja au mbili. Kulikochelewa kunakula tatu, nne, na bado mtoto anabaki na mguu wa kuburuta. Anayesubiri ndiye anayemaliza dawa upesi.

Kuchanganya

Nawa mikono kwa sabuni, futa meza, panga vitu vyote kabla ya kufungua chochote. Soma jina: fakta 8, si 9. Soma tarehe ya mwisho na idadi ya yuniti. Dawa iliyotoka kwenye friji iache nje ipoteze ubaridi; ukiwa na haraka vishike vichupa kwenye viganja. Usivitie kwenye maji moto, maana joto kupita la mwili linaiharibu fakta. Tumia maji yaliyokuja kwenye boksi hilo hilo, kwa kipimo hicho hicho chote. Maji ya boksi jingine, maji ya drip au ya kuchemsha hayaruhusiwi hata kama yanaonekana sawa.

Ng'oa vifuniko vya juu, futa mpira wa kila kichupa kwa pamba ya spiriti, uache ukauke wenyewe. Usipulize. Adapta ya kuunganishia huchomekwa kwanza kwenye kichupa cha maji, kisha unaigeuza na kuishindilia kwenye kichupa cha unga. Mpangilio huu una maana yake. Ndani ya kichupa cha unga hewa imenyonywa, na utupu huo ndio unaovuta maji. Ukianza kukitoboa cha unga, hewa inaingia, utupu unakwisha, na maji yanakaa upande wao yanakutazama. Yasipovutwa kabisa, kiweke kichupa hicho pembeni, usikitupe, piga simu kliniki uulize, maana baadhi ya watengenezaji wanakataza kabisa kukitumia.

Maji yakishaingia, zungusha kichupa polepole juu ya meza au kati ya vidole. Hakitikiswi. Fakta ni protini, na protini ikipigwapigwa na hewa hukunjuka na kushikana, kama ute wa yai ukipigwa kwa uma. Ute ule haurudi tena ulivyokuwa. Povu uliloliona lilikuwa sehemu ya dozi ya mwanao. Zaidi ya hapo, povu haliingii vizuri kwenye bomba, linabaki kichupani na kukuachia mapovu ya hewa ya kuhangaika nayo. Unga ukiwa mzito kuyeyuka, sababu mara nyingi ni ubaridi: ulichanganya dawa ikiwa bado na baridi ya friji. Mpe dakika chache, zungusha, subiri, zungusha tena. Dawa iliyo tayari ni angavu au ina ukungu hafifu sana. Ikiwa na vipande, nyuzi au uzito kama wa maziwa, haichomwi. Ivute kwa kupitia kichujio kilichomo kwenye adapta au sindano yenye kichujio uliyopewa, kisha toa hewa yote.

Mshipa mwembamba

Mtoto aliyekunywa maji ya kutosha saa moja kabla ana mishipa inayoonekana. Mkono uliopashwa joto kwa kitambaa cha uvuguvugu na kuachwa uning'inie chini ya kitanda una mishipa zaidi. (Joto hili ni la mkono unaochomwa tu, halina uhusiano na lile la bibi kwenye goti.) Kwa umri wake mgongo wa kiganja mara nyingi ni rahisi kuliko kiwiko. Sindano iwe ya kipepeo, namba 23 au 25; namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba zaidi.

Funga mpira wa mkono juu kidogo ya mahali utakapochoma, usikae hapo zaidi ya dakika moja hivi. Futa kwa spiriti, acha pakauke. Spiriti mbichi ndiyo inayowasha. Jaza mrija wa kipepeo kwa dawa kabla ya kuchoma ili usisukume hewa. Vuta ngozi kwa kidole gumba mshipa usikimbie, ingiza sindano ikiwa imelala, uso wa mkato ukiangalia juu. Damu ikionekana kwenye mrija, umeingia. Sasa fungua mpira wa mkono kabla ya kusukuma chochote. Wazazi wengi husahau hapa: dawa inasukumwa kwenye mshipa uliofungwa, shinikizo linapanda, mshipa unapasuka. Bandika plasta, sukuma polepole, mililita 2 hadi 4 kwa dakika kwa aina nyingi za fakta 8. Kwa mtoto mimi ningechagua upande wa chini. Usirudishe damu nyingi ndani ya bomba ili kuhakikisha, kwa sababu damu ikikutana na fakta iliyokolea hivyo inaganda humo humo, mrija unaziba na dozi imepotea.

Panapowaka, pakivimba, au bomba likiwa gumu kusukuma, dawa haiko kwenye mshipa. Hapo hatuendelei kidogo kidogo. Simama, toa sindano, bonyeza, tafuta mshipa mwingine kwa sindano mpya ya kipepeo. Dawa iliyobaki kwenye bomba bado ni nzima ikiwa muda wake haujapita. Zilizomwagikia chini ya ngozi usizihesabu kuwa zimeingia. Kumbuka mililita ngapi zilikuwa zimebaki ulipoona uvimbe, uiambie kliniki, nao wataamua kama anahitaji nyongeza. Ukikosa mara mbili au tatu, pumzika au nenda kituo cha afya cha karibu na dawa yako mkononi wakuchomee. Kumtoboa mtoto mpaka achukie sindano ni hasara ya miaka mingi, kwa sababu mishipa hiyo ndiyo atakayoitumia utu uzima wake wote. Badilisha mahali pa kuchoma kila mara.

Baada ya kutoa sindano bonyeza kwa gozi dakika 5 bila kuchungulia, mkono ukiwa umenyooka. Kukunja kiwiko juu ya pamba, kama tulivyozoea kuona, kunaacha jeraha wazi na alama ya damu chini ya ngozi. Sindano ziende kwenye chombo kigumu chenye kifuniko bila kurudishiwa kofia. Halafu daftari: tarehe, saa ya dalili ya kwanza, saa ya dawa, kiungo, yuniti, na namba ya toleo iliyoko kwenye boksi. Boksi nyingi zina stika yake, ibandue uibandike.

Goti lenyewe

Mama mkwe au mama yako, ye yote huyo bibi, mweleze kwa heshima kwamba kukanda kwa joto kunatanua mishipa, na kuchua kunabomoa kigande kilichokuwa kinajaribu kushika. Kazi anayo nyingine: amzuie kijana asikanyage mguu huo. Mguu uinuliwe juu ya mto, ufungwe bandeji ya kuvutika isiyobana sana, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa 4 hadi 6 kwa siku ya kwanza kama inampa nafuu. Ukimtembeza, awe na magongo. Lakini pumziko lisizidi. Misuli ya mbele ya paja inanyong'onyea ndani ya siku chache, na goti lisilo na misuli huvuja tena. Maumivu yakishuka, aanze kukaza paja akiwa amelala, bila kukunja goti, na kliniki wampange na mtu wa mazoezi ya viungo.

Maumivu ni parasetamoli: miligramu 15 kwa kilo, kwake ni miligramu 300, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki zinaziharibia kazi chembe sahani, zile zinazoziba tundu kabla fakta haijafika. Mtoto wako amekosa fakta. Ukimnyang'anya na chembe sahani anabaki na nini? Mwambie pia jirani muuza dawa kwamba sindano ya tako au ya paja kwenye msuli haichomwi kwa mtoto huyu, hata ikiwa ya homa.

Je, imekataliwa?

Sasa kipimo. Mwili wa baadhi ya watoto hutengeneza kingamwili dhidi ya fakta yenyewe, huitwa inhibita. Katika hemofilia A kali huwapata takribani 3 kati ya 10, na wengi huzipata ndani ya siku 20 za mwanzo za kutumia dawa. Baada ya siku 50 za dawa hatari hupungua sana, ingawa haiishi. Dalili yake ndiyo hiyo unayoiogopa: dozi sahihi, kwa wakati, haileti nafuu iliyokuwa ikileta. Kwa kawaida kiungo kilichopewa dawa mapema kinaanza kupunguza maumivu ndani ya saa 8 hivi.

Omba mambo mawili. La kwanza, kipimo cha inhibita, ambacho majibu yake hutolewa kwa yuniti za Bethesda. Chini ya 5, pengine kuongeza dozi kunatosha. Kuanzia 5 kwenda juu, fakta 8 haitafaa wakati wa kuvuja, na atahitaji dawa zinazopita njia nyingine kama fakta 7 iliyoamilishwa. La pili, kupima kiwango chake cha fakta 8: damu ichukuliwe kabla ya dozi na tena dakika 15 hadi 30 baada yake, kutoka mkono ambao haukuchomwa dawa. Ukikumbuka hesabu yetu, yuniti 500 zinatakiwa zimpandishe kwa karibu 50. Zikimpandisha kwa 45, dawa inafanya kazi na tatizo ni saa na mikono. Zikimpandisha kwa 10, basi kuna kitu kinaila. Waulize kama aache dozi kabla ya kipimo, na uwape saa kamili ya dozi ya mwisho.

Kwa hiyo kuongeza dozi mwenyewe, hapana. Kama hana inhibita, haikuwa lazima. Kama anazo za juu, unamwaga dawa.

Ila kuna siku moja ambayo dozi ni kubwa na huisubirii simu: akigonga kichwa kwa nguvu, hata kama anacheka. Hapo lengo ni asilimia 80 hadi 100, yaani yuniti 40 hadi 50 kwa kilo. Kwake ni 800 hadi 1,000, vichupa viwili vya 500. Dawa kwanza, hospitali papo hapo, picha ya kichwa baadaye. Mwombe daktari aiandike hiyo kwenye kadi ili mtu yeyote wa zamu asibishane nawe. Vivyo hivyo uvimbe wa shingo au ulimi, kutapika damu, choo cheusi, tumbo linalouma sana, na maumivu ya kinena yanayomfanya ashindwe kunyoosha nyonga, hasa akilalamika ganzi mbele ya paja. Damu inayojaa kwenye msuli wa ndani ya nyonga haionekani kwa nje, na watu huidhania ni kidole tumbo. Kwa sababu hiyo yuniti 1,000 zisitoke nyumbani kwa matumizi ya goti. Hizo ni za kichwa.

Kuzitunza: nyuzi 2 hadi 8, katikati ya friji, mbali na barafu na ukuta wa nyuma. Fakta iliyoganda kwa baridi imeharibika. Aina nyingi huvumilia kukaa nje chini ya nyuzi 25 au 30 kwa miezi kadhaa iliyotajwa kwenye kijikaratasi. Umeme ukikatika usipagawe. Ukiitoa ili ikae nje hivyo, andika tarehe kwenye boksi na usiirudishe tena ndani.

Ukifika kliniki zungumzia pia kinga ya ratiba, yaani kumchoma fakta kwa siku zilizopangwa kabla hajavuja, kwa sababu goti lililokwisha kuwa kiungo lengwa halitapona kwa kukimbizwa baada ya kila kuvuja. Ratiba kamili huwa yuniti 20 hadi 40 kwa kilo, siku moja ndiyo siku moja hapana, au mara tatu kwa wiki. Palipo na uhaba, hata yuniti 10 kwa kilo mara mbili au tatu kwa wiki hupunguza mivujo kwa kiasi cha kuonekana. Kwake hiyo ni yuniti 200, yaani kichupa kizima cha 250, mara mbili au tatu kwa wiki, na huchomwa asubuhi ili kilele kiangukie saa za michezo. Wanaweza pia kukutajia emisizumabu, sindano ya chini ya ngozi iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa wenye inhibita na 2018 kwa wasio nazo. Ni ya kinga tu. Goti likivuja akiwa kwenye dawa hiyo bado anahitaji matibabu ya kuvuja, na vipimo vya kawaida vya kuganda damu husoma uongo, kwa hiyo kila daktari aambiwe.

Hukuuliza, ila kama ana dada, apimwe kiwango chake cha fakta 8 kabla hajavunja ungo au kung'olewa jino. Mabinti wanaobeba hemofilia wanaweza kuwa na kiwango cha chini wao wenyewe, na hedhi ya kwanza ndiyo inayowashtukiza. Na ndugu wakianza kutafuta upande wa kulaumu: karibu theluthi ya watoto hawa huzaliwa katika ukoo usio na historia yoyote ya ugonjwa.

Kuhusu shule, wamekosea nusu. Goti likiwa limevimba, akae. Likipona, acheze: kukimbia, kuogelea, kuruka kamba. Ndondi, mieleka na mpira wa kugongana, hapana. Mpe mwalimu karatasi moja yenye uzito wake, aina ya hemofilia, dawa zilizokatazwa, namba yako, na sentensi mbili za maagizo: akisema kiungo kinawasha ndani, mpigie mama saa hiyo, akigonga kichwa, mpigie mama na usimwache alale.

Mshauri